Neno Alilokatazwa Mama Saizi

Mimi nauza kufuli, bawaba na misumari, na sipendi kelele. Ndiyo maana Mungu akanipa meza jirani na ya Mama Saizi.

Yeye anauza sidiria za mitumba. Kati ya meza yangu na yake kuna nguzo moja ya chuma, basi, na tangu tuanze kukaa pale sijawahi kumaliza chai yangu kwa amani. Jina la Mama Saizi tulimpa sisi wenyewe wa safu ya tatu, kwa sababu hatumii futi kamba. Mwanamke anapita zake, Mama Saizi anamtupia jicho mara moja, kisha anazamisha mkono kwenye lundo na kuibuka na sidiria. "Chukua hii, mama. Hiyo uliyovaa inakunyonga." Anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viazi. Mteja mpya huona haya, wa zamani hucheka, na sidiria ikijaribiwa huwa ndiyo yenyewe. Niliwahi kumuuliza anajuaje. Akaniambia, "Na wewe unajuaje ufunguo huu si wa kufuli hii? Hebu niache nifanye kazi."

Alikuja sokoni akiwa msichana wa kufungua marobota ya watu. Kazi yenyewe ilikuwa kukata kamba, kuchambua nguo, mashati huku na suruali kule, na jioni mwenye robota akitaka kukupa asante alikupa nguo asiyoitaka yeye. Wenye marobota wakati ule walikuwa wanaume watupu, na hakuna aliyetaka kuonekana ameshika sidiria mbele za watu. Walizisukuma pembeni kwa ncha ya fimbo. Zote zikawa zinaishia kwenye mfuko wa yule msichana. Akazifua, akazianika, akazitandika juu ya gunia karibu na choo cha soko, mahali ambapo hakuna aliyemfukuza kwa sababu hakuna aliyependa kupatazama. Leo ana meza ya mbao ngumu, ana bati juu yake, binti yake anasomea ukunga, na nyumba anayojenga imefika kwenye madirisha. "Wao waliona aibu," huniambia, "na mimi nikajenga kwa aibu yao."

Nayasema haya ili ieleweke kwamba ile meza kwake si mbao tu. Ukimnyang'anya meza, umemnyang'anya kila kitu.

Alipougua hatukuambiwa na watu. Alitutangazia mwenyewe. Aliukuta uvimbe siku anajaribu sidiria iliyompendeza, akaenda hospitali, akakatwa titi la kulia, akatundikiwa dripu zilizomnyonyoa nywele mpaka nyusi. Mumewe, fundi mwashi mpole ambaye mazungumzo yake yote ni "haya" na "sawa", ndiye aliyekaa mezani miezi ile, akiuza sidiria huku anatazama juu kwenye bati. Mama Saizi aliporudi, safu nzima tulikuwa tumejiandaa kumpa pole ya kunong'ona. Akasimama katikati ya njia, kipara kinang'aa, mikono kiunoni.

"Haya, nitazameni mara moja tumalize. Lilikuwa titi. Lilikuwa na saratani. Limekwenda, mimi nimebaki. Sasa nani aliuziwa ile sidiria nyeusi ya kamba pana kwa bei ya soksi?"

Mimi nikainamisha uso kwenye bidhaa zangu. Akanigeukia. "Na wewe jirani, mbona unakodolea kufuli? Zimeota miguu?"

Kwetu ugonjwa huo hauna jina. Watu husema "kile kitu", husema "kifua", husema "mambo ya akina mama", kisha wanashusha sauti na kutazama mlangoni. Hata msibani utasikia marehemu aliumwa kifua, na wote wanajua kifua gani, na wote wanameza. Dada yangu alizikwa kwa neno hilo la kifua. Mpaka leo nikilisikia damu inanichemka. Mama Saizi yeye alisema titi. Alilisema kama mtu anavyosema mkono au goti, na nakwambia, mara ya kwanza kulisikia likisemwa hivyo mchana kweupe, nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana.

Hakuishia kusema. Aliwakusanya wanawake wengine waliopona, mmoja mshonaji, mmoja mwalimu mstaafu, mmoja dereva wa lori ambaye ngumi zake hata mimi naziogopa, wakawa wanakutana nyuma ya meza yake wakikalia marobota. Walichanga kidogo kidogo kwenye ndoo yenye kifuniko. Kufuli ya ndoo niliwauzia mimi, kwa bei niliyonunulia, na wananisuta kwa ubahili mpaka leo. Fedha ilikuwa ya nauli na malazi ya wagonjwa. Hospitali inayotibu ugonjwa huu iko mbali, safari ya basi ya kutwa, na kule ndiko aliko daktari anayefanya utafiti juu ya wanawake wa upande wetu. Anataka kujua kwa nini unawakamata wangali vijana, na dawa zipi zinawakubali. Kwa hiyo anawafuatilia mwaka hadi mwaka, anawapima, anawatoa damu. Anachohitaji ni wanawake wanaomaliza matibabu na wanaorudi. Mama Saizi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. "Damu yangu mimi," hujisifu, "imesomwa kuliko gazeti."

Halafu ikaja habari ya spika.

Sokoni kwetu kila meza ina spika ndogo ya betri. Unajirekodi mara moja asubuhi, unaibonyeza, nayo inarudia maneno yako kutwa nzima wakati wewe unakunywa chai. Yangu husema, "Kufuli, bawaba, misumari! Funga mali yako, lala usingizi!" Ya Mama Saizi ilikuwa na yake.

"Sidiria, sidiria! Mama, jaribu sidiria, jipapase na titi! Bonyeza taratibu, zunguka, panda mpaka kwapani! Ukikuta uvimbe usimwambie shoga, mwambie nesi! Sidiria, sidiria!"

Mwenyekiti wa soko akaja. Mwenyekiti anauza magodoro, na si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu wa heshima zake. Shati lake hunyooshwa pasi hata siku ya kupakua mzigo. Akasimama mbele ya ile meza huku spika inamwambia apande mpaka kwapani, masikio yamemwiva.

"Mama, hapa wanapita watoto. Wanapita wazee. Wanapita watu na wakwe zao."

"Na wote walinyonya, Mwenyekiti."

Akaichukua spika, akaenda nayo ofisini. Tukadhani yamekwisha. Mara spika yangu ikaanza mzunguko wake. "Kufuli, bawaba, misumari!" Na nyuma ya sauti yangu, mbali kidogo lakini safi kabisa, "jipapase na titi!" Nikaruka kwenye kiti. Nilikuwa nimejirekodi yeye akiwa anapiga kelele zake pembeni, na kwa kuwa sauti yake haijazimika toka asubuhi, masikio yangu yalishaizoea, sikuwahi kuisikia. Muuza ndala akabonyeza yake. "Ndala za kuogea, zunguka, panda mpaka kwapani!" Muuza mabegi, hivyo hivyo. Muuza sumu ya panya, ndiyo usiseme. Safu yote ya tatu ilikuwa imembeba Mama Saizi kwenye betri zake. Wateja walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mwenyekiti akaamuru turekodi upya, sote. Tukarekodi. Ila tulirekodi mchana, sokoni, na Mama Saizi alikuwa hana spika lakini koo alikuwa nalo.

Hapo Mwenyekiti akakasirika kweli. Akamwita ofisini, akaniita na mimi niwe shahidi, mlango ukafungwa. Hakupiga kelele. Alizungumza polepole kama mtu anayemsomea mwenzake hukumu.

"Mama, nimekuvumilia. Sasa nisikilize. Neno lile likitoka tena kinywani mwako ndani ya soko hili, meza si yako. Kamati imekubali. Kuna watu kumi wanaisubiri."

Nilimtazama Mama Saizi nikingoja amrushie jibu. Hakurusha. Alikuwa anaifikiria nyumba iliyofika kwenye madirisha, na ada ya binti. Akasema, "Nimesikia," akatoka. Wiki zile soko lilipoa, na mimi niliyekuwa nikililia utulivu nilipoupata sikujua niuweke wapi. Chai niliimaliza ikiwa ya moto. Haikuwa na ladha.

Nyuma ya meza yake ametundika shuka la maua, ndipo wateja wanapojaribia. Shuka lenyewe linagusa bega langu. Sitegi sikio, lakini shuka si ukuta. Siku moja aliingia humo mwanamke tunayemwita Mama Mayai, anayeuza mayai pale langoni. Ni dada mdogo kwa umri, mpole, anatembea kama anayeogopa kuvunja kitu. Trei zake zilikuwa zimepungua siku hadi siku, na tulipomuuliza alisema kifua kinamsumbua.

"Dada, nimeacha," nikamsikia akisema.

"Umeacha nini?"

"Matibabu. Dripu nimemaliza. Sasa wanataka nikakae kule wiki kadhaa nipigwe mionzi. Nauli sina, pa kulala sina, trei nimeuza zote imebaki moja. Nesi kasema nafasi yangu ni Jumanne, nisipofika anapewa mwingine, na huu ugonjwa haungoji."

"Tutakuchangia."

"Usinichangie!" Sauti yake ilikatika. "Nikichangiwa watu watajua. Nyumbani nimewaambia kifua. Mama mkwe anajua kifua. Bora nife na heshima yangu."

"Heshima gani hiyo inayotaka kaburi ndipo itulie?" Mama Saizi alikuwa ananong'ona, na sijawahi kumsikia mtu akinong'ona kwa hasira kiasi kile. "Wewe una watoto wadogo. Dozi haiachwi katikati, mdogo wangu."

"Niapie hutanitaja."

Mimi nilikuwa nimeshika msumari mmoja, nauzungusha tu.

"Naapa," akasema Mama Saizi. "Sikutaji. Lakini Jumanne utasafiri. Piga ua, utasafiri."

Ndoo ya wanawake wale ilikuwa tupu, iliishia kwa mgonjwa aliyetangulia. Ilibaki njia moja tu, nayo ni mnada wa soko, uliokuwa ufanyike Jumatatu ile, siku moja kabla ya basi.

Mnada wetu una sheria zake. Kila mwaka wenye meza wanaleta kitu kimoja kimoja, Mwenyekiti anashika kipaza sauti, vinanunuliwa kwa ajili ya wenye shida. Zamani tuliwahi kumchangia muuza vyombo aliyeunguliwa, fedha ikaishia kwenye bati la ofisi ya kamati. Pakachimbika. Tangu siku hiyo tukawekeana masharti. La kwanza, Mwenyekiti lazima akitaje kitu kwa jina lake mbele ya watu, kisiuzwe kwa mafumbo. La pili, anayenunua anauliza, "Ziende wapi?" na jibu litakalotoka kwenye kipaza sauti ndiko fedha itakakokwenda, si kwingine. Watoto wetu wanacheza mnada huo huo na vifuniko vya chupa.

Mama Saizi akamfuata Mwenyekiti kwenye magodoro yake, na mimi nikaenda naye, maana ushahidi nilishauzoea.

"Mwaka huu ziende kwa wagonjwa wetu wa saratani, Mwenyekiti. Itajwe hivyo."

"Nitasema afya ya akina mama."

"Mwaka juzi ulisema afya ya akina mama, zikanunua rangi ya ukuta wa zahanati. Ukuta ulikuwa unaumwa?"

Mwenyekiti akalipiga godoro kofi, vumbi likaruka. "Basi mlete huyo mgonjwa. Watu wamwone, wamwonee huruma, watatoa. Huwezi kuomba kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

"Yupo. Na si wa kuonyeshwa."

"Basi ni afya ya akina mama," akasema, "na wewe, meza yako unaijua."

Tulipofika kwenye nguzo yetu akaiegemea. "Jirani," akasema, "mimi nikisema neno, natoka na marobota yangu. Nisiposema, yule mgonjwa wangu anazikwa kwa kifua." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mungu yupo. Akanijibu kwamba Mungu yupo ndiyo, lakini anayeshika kipaza sauti ni muuza magodoro.

Jumatatu alasiri tulijaa uwanja wa kupakulia mizigo. Meza iliwekwa juu ya lori lililoshushwa ubavu, ikatandikwa kitambaa cheupe. Mwenyekiti alitia fora kwa shati la mikono mirefu. Likauzwa godoro. "Ziende wapi?" "Afya ya akina mama!" Makofi. Ikauzwa kufuli yangu kubwa ya geti. "Ziende wapi?" "Afya ya akina mama!" Makofi. Kila makofi yalivyopigwa niliiona nauli ya Mama Mayai ikigeuka kuwa rangi ya ukuta. Mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, ameketi juu ya kreti, mtandio umemfika kwenye nyusi, trei moja ya mayai mapajani. Naye alikuwa akipiga makofi.

Ndipo Mama Saizi akapanda lori.

Hakuwa na kitu mkononi. Mwenyekiti akakunja uso. "Mchango wako uko wapi, mama?" Mama Saizi akaingiza mkono kwenye shingo ya gauni lake, upande wa kulia, akavuta, akakiweka kitu mezani juu ya kile kitambaa cheupe. Kikatoa mlio mdogo wa kutulia. Ule upande wa gauni ukabaki bapa, naye akanyoosha mgongo ili aliye nyuma naye aone.

Kilikuwa kifuko cha mviringo cha kitambaa cha sidiria, ameshona mwenyewe, amejaza pamba na choroko, na katikati ameweka washa za chuma, vile vipete vya bolti, alizonunua kwangu ili kiwe na uzito, kisimpande shingoni. Nilijua ni cha nini. Uwanja mzima ulijua. Hata vicheko vya nyuma vilikoma.

"Kiondoe," Mwenyekiti akasema mbali na kipaza sauti.

"Ni mchango wangu. Kinadi."

"Nilikukataza."

"Ulikataza kinywa changu, Mwenyekiti. Kinywa changu kimesema nini?"

Hakikuwa kimesema kitu. Mwenyekiti aliwatazama wajumbe wa kamati, wajumbe wakatazama viatu. Akajikohoza, akainua kipaza sauti. "Tunacho hapa... kimto kidogo..."

"Si kimto!" akapaza sauti yule dereva wa lori.

"Ni... kifaa... cha nguo za ndani za akina..."

"Jina lake!" akadakia muuza ndala. "Masharti ni masharti!"

Sasa mimi sipendi kelele, nimekwisha sema. Lakini nilimwona dada yangu. Sijui kwa nini saa ile, nilimwona tu, amelala chali kitandani, amejifunika mpaka kidevuni, anatuambia ni kifua. Nikajikuta nimesimama juu ya kreti na mtu mwenye sauti kubwa anapiga kelele, na mtu huyo ni mimi. "Taja! Taja, Mwenyekiti! Kitu hakiuzwi kwa mafumbo, taja!" Safu ya tatu ikapokea, ya nne ikapokea, wauza viazi wakaanza kugonga mizani. Taja, taja, taja.

Akalitaja. Midomo ilicheza lakini hatukusikia.

"Huku nyuma hatusikii!"

Mwenyekiti akafumba macho. Jasho lilikuwa limemchora mgongoni. "Titi," akasema, na kipaza sauti kikalichukua, kikalipiga kwenye mabati yote ya soko. "Titi la bandia. La Mama Saizi. Aliyekatwa lake kwa sababu ya saratani. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza.

Hilo hatukuwa tumelipanga, wala Mama Saizi mwenyewe hakuwa amelipanga. Kelele tulipiga sote, lakini kununua ni jambo jingine. Nani atarudi nyumbani na kitu kile, amwambie mkewe nini? Wanaume wakaanza kutafuta simu mifukoni. Mimi nilitia mkono mfukoni, nilikuwa nimeumaliza mtaji wa siku kwenye lile godoro nililolinunua mnadani, pumbavu mimi. Mama Saizi alisimama pale, upande mmoja bapa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliuona mdomo wake ukitetemeka. Mwenyekiti akanyoosha mkono kukiondoa kile kifuko. "Kama hakuna..."

"Trei moja ya mayai."

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Haikuwa kubwa. Watu waligeuka, wakaanza kupisha bila kuambiwa, na Mama Mayai akaja mbele kwa ule mwendo wake wa kuogopa kuvunja kitu, trei kaikumbatia. Mama Saizi alikuwa anamtikisia kichwa kule juu, hapana, hapana, rudi. Hakurudi. Alifika kwenye lori, akaiweka trei ubavuni mwa kile kifuko, akaushusha mtandio. Chini yake hapakuwa na unywele hata mmoja.

Nilimsikia mama mmoja akivuta pumzi. Kisha muuza mabegi akasema, "Ongeza yangu kwenye ya Mama Mayai." Mshonaji akasema, "Na yangu." Hakuna aliyempandishia ili amshinde. Kila aliyenyanyua mkono aliongeza juu ya trei yake, kwa jina lake. Muuza sumu ya panya alitoa noti iliyokunjwa mpaka haifunguki, wauza viazi wakachanga kwenye sinia la mizani, mmoja wa wajumbe wa kamati akavua kofia akaizungusha. Mimi nilimkopa dereva wa lori, akanipa huku ananitukana.

Mwenyekiti ilimbidi anadi mara tatu, ndivyo inavyotakiwa. Titi la bandia, mara ya kwanza. Titi la bandia, mara ya pili. Ya tatu aliisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayouzia magodoro, na akagonga meza.

Mnunuzi ndiye hutakiwa kuuliza. Mama Mayai hakuuliza, alikuwa amesimama tu na mikono mitupu sasa, kidevu juu. Mwenyekiti akamtazama kwa muda, akasahau masharti, au labda hakuyasahau. Akapiga goti pale ukingoni mwa lori na shati lake la pasi, akamteremshia kipaza sauti.

"Ziende wapi, mama?"

"Ziende kwenye titi langu," akasema Mama Mayai. "Hili la kushoto. Basi linaondoka kesho asubuhi."